Kable Ilizaliwa Hewani

Mwaka jana dada yangu mdogo alikuwa na mahojiano ya bursi kwa video. Tuko tunaishi Kadutu, mu nyumba ya matofali, kuta nene. Tulikuwa na visanduku viwili vya Wi-Fi ya meshi, kimoja mu salo, kingine mu chumba chake. Katikati ya swali, picha ikaganda. Aliporudi, muda ulikuwa umekwisha. Bursi hakuipata.

Nyuma ya kila kisanduku kuna matundu mawili ya Ethaneti. Hatukuyagusaka, juu tulifikiri kable ni kitu cha zamani. Njo nikaanza kusoma historia.

Kumbe redio njo ilitangulia! Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, na Norman Abramson, kiliunganisha visiwa kwa ALOHAnet, mtandao wa mawimbi ya redio. Kila kituo kilisema kikitaka. Viwili vikisema pamoja, ujumbe uligongana, ukatumwa tena. Tarehe 22 Mei 1973, Robert Metcalfe wa Xerox PARC, California, aliandika waraka wa kuingiza wazo hilo ndani ya kable. Yeye na David Boggs wakaijenga, wakaongeza adabu: sikiliza kwanza, halafu sema. Jina Ethaneti linatoka kwa «etha», kitu ambacho wanafizikia wa zamani walidhani kinabeba mwanga angani. Mwaka 1997 kanuni ya 802.11, ile tunaita leo Wi-Fi, ikarudisha mtandao huo hewani, pamoja na foleni yake.

Shida yetu ilikuwa hiyo foleni. Kisanduku cha pili kilisema na kompyuta ya dada, kisha kikapitisha yote tena hewani, kupenya kuta, mpaka kisanduku cha kwanza. Sisi ba agronomia tunajua: mfereji mkubwa ukivuja, bustani ya mwisho haipate mayi.

Tulinunua kable ya metre 15, tukaipitisha juu ya plafo. Kisanduku cha kwanza: tundu moja kwa modemu, lingine kwa kable. Kisanduku cha pili: tundu moja kwa kable, lingine kwa kompyuta. Kura ikikatika, kweli, kable haisaidie kitu. Lakini ikiwepo, picha haigande tena.

Dada ameomba bursi nyingine. Nanyi, kabla ya mahojiano yenu, mugeuze kisanduku, muangalie nyuma.