Albamu ya Jimmy Scott na kijana wa kidato cha pili

Jumamosi usiku. Bumu halijaingia, kantini wamefunga, na mwenzangu wa chumbani anapika chai kwa hita ambayo hairuhusiwi hosteli (msiseme kwa mlezi). Nimekaa kitandani na spika ndogo, nasikiliza albamu moja tangu saa mbili. Mwenzangu akauliza, "Huyu mama ni nani, mbona analia hivi?" Nikamwambia huyo si mama, ni mwanaume, tena ana stori ndefu. Chai ikachemka mpaka ikamwagika. Basi na nyie nawapa stori hiyo hiyo.

Jamaa anaitwa Jimmy Scott. Alizaliwa tarehe 17 Julai 1925 mjini Cleveland, Ohio, Marekani, kwenye familia ya watoto kumi. Alikuwa na tatizo la kurithi linaloitwa Kallmann, ambalo linazuia mwili kubalehe. Sauti haikuwahi kuwa nzito, na kwa miaka mingi ya utu uzima wake hakufika hata futi tano. Akiwa na miaka 13 mama yake akafa kwenye ajali ya gari, na watoto wakatawanywa. Wengi wanaomsikia wanaona msiba ule umo ndani ya sauti yake, na mimi siwapingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 akachukuliwa na bendi ya Lionel Hampton, na ni Hampton aliyembandika jina la "Little" Jimmy Scott. Wimbo waliorekodi pamoja, "Everybody's Somebody's Fool", ukapendwa sana mwaka 1950. Jina la mwimbaji kwenye sahani? Halipo. Mwaka huo huo akaimba jukwaani Birdland, New York, na Charlie Parker. Rekodi ile ilipokuja kutolewa kwenye albamu, sifa akapewa Chubby Newsom, ambaye ni mwanamke! Wale tunaosoma Historia, si tunafundishwa kila siku kwamba chanzo cha kwanza ndicho cha kuaminika? Haya, hicho hapo chanzo cha kwanza, kimeandikwa kabisa na kimedanganya. Ukimtegemea mtu aliyeandika lebo, Jimmy Scott hakuwepo.

Sasa tuje kwenye albamu yenyewe. Mwaka 1962 Ray Charles alianzisha lebo yake, Tangerine. Alimpenda Scott, akamwita studio, na kwenye piano akakaa mwenyewe. Muziki wa okestra ukapangwa na Marty Paich na Gerald Wilson. Wakatoa nyimbo 10, zote za mapenzi, zote za polepole, na albamu ikaitwa "Falling in Love Is Wonderful". Jamani, isikilizeni usiku. Fidla zinaingia taratibu, Ray anapiga noti chache tu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, halafu Scott anachelewa. Anachelewa kweli! Mapigo yanampita, wewe unadhani kasahau maneno, kumbe analishika neno moja mpaka liseme lote. Mwenzangu alisema anaimba kama mtu anayesoma barua ya kuachwa na hataki kufika mwisho. Nimemwambia hiyo naiandika.

Albamu iliingia madukani muda mfupi tu. Herman Lubinsky, mwenye kampuni ya Savoy ambako Scott alirekodi miaka ya 1950, akaja juu kwamba bado anamiliki mkataba wake. Ikaondolewa sokoni. Kwa karibu miaka 40 nakala zilizobaki zikawa za kutafutwa na watoza sahani kama almasi. Mwaka 1969 Scott akajaribu tena na kampuni ya Atlantic, akarekodi "The Source", Lubinsky akajitokeza tena. Mnaona? Mtu mmoja, karatasi moja, albamu mbili.

Scott akarudi Cleveland. Alifanya kazi hospitalini, akafanya kazi ya kuendesha lifti hotelini. Hapo ndipo ninapokwama kila nikisikiliza: watu walipanda lifti na ile sauti, wakasema ghorofa ya nne, wakashuka.

Alirudi kwa mlango wa msiba. Mwaka 1991 rafiki yake Doc Pomus, mtunzi wa nyimbo, alifariki, na Scott akaimba mazishini. Seymour Stein wa Sire Records alikuwepo, akampa mkataba. "All the Way" ikatoka 1992, Scott akiwa na miaka 67. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ile albamu ya Ray Charles nayo ikarudi sokoni, na mwenyewe bado yu hai kuiona. Alifariki Las Vegas, Juni 12, 2014.

Sasa kwa nini nimekomaa na mtu huyu wiki nzima. Mwaka jana kwenye TP nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mvulana, mfupi, sauti nyembamba kuliko ya dada zake. Nilimsimamisha asome aya ya sababu za Vita vya Majimaji. Darasa zima likacheka, mmoja akaita "shikamoo mama!" Na mimi, mwalimu, chaki mkononi, nikacheka. Sikucheka sana, ila alinitazama, akaona. Wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena, na mimi sikumwita tena, nikajidanganya kwamba namsitiri.

Mwenzangu kaniuliza jina la yule kijana. Nikajikuta nafungua begi kutafuta daftari la mahudhurio, maana kichwani silipati.