Mwanga Unaopotelea Hewani

Nyota iliyo utosini hung'aa zaidi kuliko inapokaribia kuzama, ingawa yenyewe haijabadilika. Kinachobadilika ni hewa inayopenywa na mwanga wake: nyota iliyo nyuzi 30 juu ya upeo wa macho hutazamwa kupitia hewa maradufu ya ile ya utosini, na iliyo kwenye upeo wenyewe takriban mara 38.

Upotevu huo wa mwanga ulipimwa na Pierre Bouguer, mwalimu wa elimu ya bahari katika bandari ndogo ya Le Croisic, Ufaransa. Tarehe 23 Novemba 1725 aliulinganisha mwanga wa mwezi mpevu na wa mishumaa minne. Jicho halijui kukadiria kiasi cha mwanga, lakini hutambua vizuri miangaza miwili inapolingana, na Bouguer alilitaka hilo tu. Mwezi ukiwa nyuzi 66 juu, mishumaa ililingana nao kwa umbali wa futi 41. Uliposhuka hadi nyuzi 19, ilibidi isogezwe hadi futi 50. Mwanga wa mishumaa hufifia kwa mraba wa umbali; mraba wa 41 ni 1,681, na wa 50 ni 2,500: mwezi wa chini ulibakiwa na theluthi mbili tu ya mwanga wa ule wa juu. Kwa tofauti hiyo alikokotoa kwamba hata mwanga unaoshuka wima hupoteza karibu sehemu moja ya tano njiani. Ni kazi ya kustaajabisha: mtu aliye chini ya hewa alijua mwangaza ulivyo nje yake.

Kanuni ya hesabu hiyo aliichapisha mwaka 1729. Mwanahisabati Lambert aliirudia mwaka 1760, na jina lake ndilo lililovuma zaidi, jambo lisilo haki kwa Bouguer.

Kanuni hiyo ilibaki na kasoro moja. Mwaka 1881 mwanaastronomia Samuel Langley alipanda na bolometa yake, kifaa cha kupima nishati ya mwanga, Mlima Whitney, California, akaonyesha kwamba hewa haichukui rangi zote kwa kiwango kimoja. Buluu hupotea zaidi kuliko nyekundu. Tangu hapo kila rangi ilihitaji hesabu yake.

Hewa nayo haitulii. Volkano ya Pinatubo, Ufilipino, ilipolipuka Juni 1991, upotevu uliongezeka hadi kwenye darubini za Chile. Ndiyo maana wapimaji makini bado hupima nyota zilezile zikiwa juu na zikiwa chini, usiku uleule wa kazi.