Ucha Mungu na Dola: Upietisti katika Prusia, 1691–1740

Dola ya Prusia husimuliwa kana kwamba ilijengwa na jeshi peke yake. Maelezo hayo yana upungufu. Watawala wake wa ukoo wa Hohenzollern walikuwa Wakalvini, ilhali raia wao wengi walikuwa Walutheri, na wachungaji wa Kilutheri waliungana na makabaila kuupinga utawala wa Berlin. Wapietisti, wenye kugombana na wachungaji hao hao, walifaa kuwa washirika. Ndipo Spener alipopewa wadhifa Berlin mwaka 1691, na Francke, aliyekwisha fukuzwa Erfurt, akapokewa Halle mwaka uliofuata.

Huko Francke alifungua shule ya maskini mwaka 1695, kisha nyumba ya mayatima. Na tangu miaka ya 1710 Halle ilikuwa ikitoa Biblia za bei nafuu. Mwanafunzi alifunzwa kuvunja matakwa yake, kuzihesabu saa zake, na kutii kwa dhamiri kuliko kwa hofu ya kiboko. Friedrich Wilhelm I, aliyewatilia shaka mwanzoni, alizuru Halle mwaka 1713 akabadili nia. Mwaka 1722 alianzisha Potsdam nyumba ya mayatima wa askari kwa mfano wa ile ya Francke, na wachungaji wengi wa jeshi akawatoa Halle.

Ushirika huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1723, kwa mashtaka ya wanatheolojia wa Halle, mwanafalsafa Christian Wolff, aliyeyasifu maadili ya Wachina yasiyotegemea ufunuo, alipewa saa 48 aondoke ama anyongwe. Waliowahi kufukuzwa kwa imani yao sasa waliutumia mkono wa mfalme kumfukuza mwingine. Wolff alirudishwa na Friedrich II mwaka 1740.