Wasomali wa Eastleigh: Karne moja Nairobi, bado waulizwa walikotoka

Wengi wanaposikia habari za Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, au Islii, mashariki mwa Nairobi, huwadhania wote kuwa wakimbizi waliofika baada ya utawala wa Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Hata hivyo, baadhi ya familia hizo zilikuwa Kenya kabla ya nchi hiyo kutangazwa koloni mwaka 1920.

Waliotangulia walikuwa hasa watu wa ukoo wa Isaaq, kutoka eneo la Somalia lililotawaliwa na Uingereza. Baadhi yao walifika wakiwa askari, wengine wakiongoza misafara ya Wazungu, na wengine wakifanya biashara ya mifugo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, baadhi ya askari hao walipewa makao Isiolo. Wengine walihamia Eastleigh, mtaa uliokaliwa zaidi na Wahindi wakati makazi ya Nairobi yalipogawanywa kwa misingi ya rangi.

Katika utawala huo, hadhi ya mtu ndiyo iliyoamua aishi wapi na abebe kipande au la. Sheria ya mwaka 1919 iliwaondoa baadhi ya Wasomali katika kundi la "wenyeji" kwa mambo kadhaa. Kuanzia mwaka 1936, Waisaaq walidai hata watozwe kodi kubwa zaidi, ile ya Wahindi, ili wapate hadhi sawa nao.

Baada ya uhuru mwaka 1963, kuitwa mgeni hakukuwa tena na faida. Mwaka 1989, serikali iliwataka Wasomali wa Kenya wathibitishe uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi maalumu. Aprili 2014, kufuatia mashambulizi ya kigaidi, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Eastleigh, na baadhi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani.

Wakati huohuo, mtaa huo ulistawi. Katika miaka ya 1990, jengo la kulala wageni la Garissa Lodge liligeuzwa soko, wakimbizi wakiuzia bidhaa vyumbani. Majumba mengi ya biashara yalifuata mfano huo.

Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uhakiki wa ziada uliowakabili wakazi wa kaunti za mpakani walioomba vitambulisho. Kwa miongo kadhaa, uhakiki huo uliwalazimu vijana kuonyesha stakabadhi za wazazi, hata za babu zao.