Silaha za kale za Njombe na Makambako

Silaha za kale za Njombe na Makambako ni mikuki, ngao, mishale, magobore na bunduki za kijeshi zilizotumika katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, hasa kuanzia karne ya 19 hadi Vita ya Kwanza ya Dunia. Baadhi zimehifadhiwa katika makumbusho, nyingine zimebaki katika familia kama urithi wa mababu, na nyingine ziko nje ya nchi. Ili kutambua silaha ya namna hiyo ni lazima kujua umbo lake, chuma chake, chapa zake na, zaidi ya yote, mahali ilipotoka na watu walioimiliki.

Mahali

Njombe ni mji wa nyanda za juu uliopo kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Makambako iko kaskazini mwake, pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapokutana na barabara ya Songea. Reli ya TAZARA pia inapita hapo. Miji yote miwili imo katika Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012.

Wenyeji wengi ni Wabena. Majirani zao ni Wahehe upande wa kaskazini, Wasangu upande wa magharibi, Wakinga na Wapangwa kwenye milima iliyo karibu na Ziwa Nyasa, na Wangoni upande wa kusini. Kwa sababu hiyo silaha iliyopatikana Njombe si lazima iwe ya Wabena. Inaweza kuwa ilinunuliwa, ilitekwa vitani au ililetwa na askari wa kigeni.

Historia

Kabla ya ukoloni chuma cha eneo hili kiliyeyushwa katika matanuri ya udongo yaliyopulizwa kwa mivukuto. Wakinga na Wapangwa walijulikana kwa uhunzi, na majembe na mikuki yao iliuzwa kwa majirani.

Wangoni, walioingia kutoka kusini katikati ya karne ya 19, walileta mbinu za vita zenye asili ya Wazulu: ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchoma, ambao haurushwi bali hubaki mkononi. Wahehe walipigana nao mnamo 1878 hadi 1882, na nchi ya Wabena ilikuwa kati ya pande hizo mbili. Mpiganaji wa Kihehe alibeba mikuki kadhaa myepesi ya kurusha pamoja na mmoja mzito wa kuchoma.

Bunduki zilifika kwa misafara ya biashara kutoka pwani. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo, karibu na Iringa, na kuteka bunduki takriban 300 na mizinga mitatu. Ngome ya Mkwawa huko Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894, na Mkwawa alijiua mwaka 1898.

Mwezi Septemba 1905, wakati wa Vita ya Majimaji, Wabena wa Mtwa Mbeyela waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi karibu na Njombe. Waliokuwamo, pamoja na mmisionari Paul Gröschel, walijitetea kwa bunduki na shambulio likashindwa. Baada ya vita Wajerumani waliwataka watu wasalimishe silaha zao. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya silaha halisi za wakati huo ziwe chache majumbani.

Katika Vita ya Kwanza ya Dunia jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey liliingia kutoka upande wa Nyasaland (sasa Malawi) na kufika Njombe mwaka 1916. Mapigano yalifanyika Malangali mwezi Julai na Lupembe mwezi Novemba. Mwishoni mwa Novemba kikosi cha Wajerumani kilijisalimisha Ilembula, magharibi mwa Makambako. Kwa hiyo risasi na vipande vya bunduki za pande zote mbili vinaweza kupatikana mashambani.

Kutambua mikuki

Mkuki una sehemu tatu za kuchunguza: bapa, mpini na kitako cha chuma kilicho nyuma ya mpini. Bapa pana lenye mpini mfupi huonyesha mkuki wa kuchoma. Bapa dogo lenye mpini mrefu na mwembamba huonyesha mkuki wa kurusha. Umbo peke yake halitoshi kutaja kabila, kwa kuwa wahunzi waliuza kazi zao nje ya jamii zao na wapiganaji waliiga silaha za adui zao.

Chuma husema zaidi. Chuma cha tanuri la kienyeji hakilingani kila mahali: ndani yake hubaki chembe za mavi ya chuma, na kutu hukila kwa mistari kama nyuzi za mti. Alama za nyundo huonekana, na tundu la kuingizia mpini hutengenezwa kwa kukunja bamba la chuma, hivyo mara nyingi huacha ufa ubavuni. Mkuki uliofuliwa kwa springi ya gari una chuma kilicho sawa kote. Mistari iliyonyooka ya mashine ya kunolea, alama za kuchomelea au skrubu za kuunganisha mpini ni dalili za kazi ya karibuni, mara nyingi iliyotengenezwa kwa ajili ya watalii.

Mkuki mpya si lazima uwe wa uongo. Wahunzi wameendelea kufua mikuki ya uwindaji na ya sherehe kwa chuma chakavu, na mkuki huo ni halali kama kazi ya wakati wake. Udanganyifu huanza pale unapofukiwa ardhini, kulowekwa katika tindikali au kupakwa masizi ili uonekane mkongwe. Kutu ya haraka huwa na rangi ya chungwa na hutoka kwa kidole. Kutu ya miaka mingi ni nyeusi au kahawia na imeshikamana na chuma. Mpini uliotumika sana hung'aa pale mkono ulipokuwa ukishika, si kila mahali.

Kutambua bunduki

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Ya gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe. Ya fataki huwashwa kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa. Gumegume ilivumbuliwa mapema zaidi, lakini katika Afrika bunduki ya gumegume haiwi lazima ya zamani kuliko ya fataki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ila uliruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifereji. Viwanda vya Ulaya, hasa vya Liège nchini Ubelgiji, viliendelea kuzitengeneza kwa soko hilo.

Chapa husaidia kukadiria umri. Neno TOWER pamoja na taji ni la Uingereza, ingawa liliigwa na watengenezaji wengine. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni alama ya ukaguzi ya Liège. Ikiwa na taji juu yake, bunduki ilikaguliwa mwaka 1893 au baadaye.

Askari wengi wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani walitumia Mauser ya mwaka 1871, inayopiga risasi moja moja ya milimita 11. Baruti yake ilitoa moshi mwingi uliomfichua mpigaji. Ubavuni mwake huandikwa "I.G.Mod.71" kwa herufi za Kijerumani cha zamani. Herufi K.S. kwenye Mauser mpya zaidi ni kifupi cha jina la jeshi la ulinzi la kikoloni. Lee-Enfield ya Waingereza ina taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda na mwaka upande wa kulia, karibu na kitako cha mbao. Martini-Henry hutambulika kwa wenzo mrefu ulio chini ya kifyatulio.

Mwaka ulioandikwa kwenye bunduki ni mwaka wa kutengenezwa, si wa kutumika. Mauser ya miaka ya 1870 ingeweza kupigana Njombe mwaka 1916.

Asili na kumbukumbu

Mkuki usiojulikana ulikotoka ni kipande cha chuma tu; mkuki wenye jina la ukoo, kijiji na tukio ni ushahidi wa historia. Hasara kubwa hutokea silaha inapouzwa kwa mpita njia au kwa mnunuzi wa chuma chakavu bila maelezo yake kuandikwa. Hiyo ndiyo hali ya vitu vingi vilivyochukuliwa wakati wa Majimaji na kupelekwa Ujerumani: viko katika Jumba la Makumbusho ya Ethnolojia la Berlin kama ngawira za vita, lakini majina ya wenyewe mara nyingi hayakuandikwa, na hilo linafanya kuvirudisha kwa familia husika kuwe kugumu.

Kumbukumbu nzuri ya silaha huwa na mambo haya:

- jina lake kwa lugha ya wenyeji;
- mwenye nayo wa sasa na namna alivyoipata;
- maelezo ya wazee, pamoja na tarehe ya mahojiano;
- urefu, uzito na picha za pande zote;
- chapa, nyufa na matengenezo yaliyofanywa.

Usalama na utunzaji

Gobore au bunduki ya zamani huhesabiwa kuwa imeshindiliwa hadi mtaalamu athibitishe vinginevyo, kwa sababu baruti kavu inaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi. Risasi na mabomu yaliyofukuliwa shambani hayaguswi, bali polisi huarifiwa. Mishale ya kale inaweza kuwa na sumu ya mimea kwenye ncha.

Hewa ya Njombe ni ya baridi na unyevu, na chuma hushika kutu upesi. Silaha huwekwa mahali pakavu na kupakwa mafuta mepesi kidogo. Kusugua kwa msasa, kunoa upya au kupaka rangi huondoa alama ambazo mchunguzi angezihitaji.

Sheria

Nchini Tanzania vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho yake. Kuvisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali cha mamlaka ya mambo ya kale. Bunduki zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kurithi gobore la babu hakumpi mtu haki ya kulimiliki bila leseni. Mara kwa mara serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari silaha zinazomilikiwa kinyume cha sheria. Familia inayosalimisha gobore inaweza kwanza kuandika historia yake, ili silaha ikiondoka habari zake zibaki.

Makumbusho

Makumbusho ya Mkwawa huko Kalenga yanahifadhi fuvu linalotambuliwa kuwa la mtawala huyo, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, pamoja na silaha za Wahehe. Makumbusho ya Majimaji mjini Songea yanaeleza vita vya 1905–1907, na Boma la Iringa linaonyesha utamaduni wa nyanda za juu kusini. Kutoka Makambako, Iringa hufikiwa kwa barabara ya Dar es Salaam na Songea kwa barabara inayopita Njombe.

Tazama pia

- Wabena
- Wahehe
- Mkwawa
- Vita ya Majimaji
- Mkoa wa Njombe