Kabla ya "Cancel" Kulikuwa na Kigae

Wasee, siku hizi wiki haiishi kabla hatujam-cancel mtu. Leo ni msanii, kesho ni mtu wa TikTok, keshokutwa ni jamaa wa kawaida tu aliyeandika upuzi usiku akaamka anatrendi. Na hapo kwa komenti hakosekani mmoja wa kuandika kwa Kiingereza cha kizungu kabisa kwamba huyo mtu sasa amekuwa "ostracised". Hilo neno ndilo nataka tuliongelee leo, juu historia yake ni tamu na inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwa Kiingereza cha sasa, ku-ostracise mtu ni kumtenga. Hasalimiwi, haalikwi, anatolewa kwa kundi la WhatsApp bila maelezo. Lakini mzizi wa neno ni Kigiriki, ostrakon, na maana yake ni kigae. Ndiyo, kile kipande cha chungu kilichovunjika. Wagiriki walitumia neno hilohilo kwa gamba gumu la wanyama wa baharini, na ni jamaa ya neno lililowapa Waingereza "oyster", yaani chaza. Sasa kigae na kutenga mtu vinakutana wapi?

Twende Athens, kama miaka 2,500 iliyopita. Mwaka wa 510 K.K. mji ulimfukuza Hippias, dikteta aliyerithi kiti kutoka kwa babake. Muda mfupi baadaye, kiongozi anayeitwa Kleisthenes akaleta mageuzi yaliyowapa raia sauti. Lakini hofu ilibaki: tukipata mwingine mwenye nguvu nyingi kupita kiasi, tutamzuiaje kabla hajatukalia? Wagiriki wenyewe walisema Kleisthenes ndiye aliyetunga dawa, ingawa ilitumika mara ya kwanza mwaka wa 487 K.K.

Dawa ilifanya kazi hivi. Mara moja kwa mwaka, mkutano wa raia uliulizwa: mwaka huu tunataka kufukuza mtu? Wakikubali, walipewa kama miezi miwili ya kufikiria. Siku ikifika, kila raia alikuja sokoni, Agora, na kigae chake, amekwangua jina la mtu anayetaka aondoke. Mbona kigae? Karatasi za mafunjo zilitoka Misri na zilikuwa za pesa, lakini vyungu vilivunjika kila siku, vipande vikajaa kila pembe. Ilibidi kura zifike 6,000. Zikifika, aliyetajwa zaidi alipewa siku 10 afunge virago, akae nje ya mji miaka 10.

Hakukuwa na mashtaka wala wakili. Wala hukupewa nafasi ya kujitetea. Wengi wape.

Stori inayojulikana zaidi ni ya Aristeides, mwanasiasa aliyeitwa "Mwenye Haki". Mwaka wa 482 K.K., siku ya kura, mtu mmoja asiyejua kuandika alimpa kigae bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristeides. Aristeides akamuuliza amekukosea nini. Jamaa akasema hata hamjui, amechoka tu kusikia kila mtu akimwita Mwenye Haki. Aristeides akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia. Aliyetuhifadhia hadithi hii ni Plutarch, na aliandika zaidi ya miaka 500 baadaye, kwa hivyo usiibebe kama ushahidi wa kortini. Lakini kwamba Aristeides alifukuzwa, hilo ni kweli. Na niambie hujawahi kuona mtu akichukiwa kwa sababu hiyohiyo. Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 1937 wanaakiolojia walifukua kisima karibu na Acropolis wakapata vigae kama 190, karibu vyote vina jina la mtu mmoja: Themistocles, mpinzani mkubwa wa Aristeides. Walipochunguza mwandiko, waliona umetoka kwa mikono kama 14 tu. Inaonekana kuna watu walikaa chini wakaandika kura mapema, tayari kugawia wapiga kura. Yaani hata wakati huo kulikuwa na mabloga wa kukodiwa na hashtag za kununuliwa! Unaweza kudhani mji mzima umekasirika, kumbe ni watu 14 na rundo la vigae. Baadaye Themistocles naye alifukuzwa, akaishia kwa Waajemi, maadui aliowashinda yeye mwenyewe.

Lakini hapa ndipo nataka tusikilizane. Aliyefukuzwa Athens hakupokonywa shamba wala nyumba. Uraia wake ulibaki. Familia yake haikuguswa. Miaka 10 ikiisha alirudi, na hakuna aliyemwambia bado ana deni. Tena wangeweza kumrudisha mapema: Waajemi walipovamia mwaka wa 480 K.K., Athens iliwaita nyumbani waliofukuzwa. Aristeides alirudi, akapigana Salamis, na mwaka uliofuata akaongoza jeshi la Athens kule Plataea. Mji uliomfukuza ulimhitaji, na akaja.

Sisemi Athens ilikuwa mbinguni. Wanawake hawakupiga kura, watumwa hawakupiga, wageni pia. Na mwishowe mchezo uliharibika. Karibu mwaka wa 416 K.K., wakubwa wawili, Nikias na Alcibiades, kila mmoja aliogopa kufukuzwa. Wakaunganisha wafuasi wao, kura zikamwangukia mtu wa tatu, Hyperbolos. Wananchi walicheka kwanza, halafu wakaona wamechezwa. Baada ya hapo hawakufukuza mtu tena kwa vigae.

Maoni yangu ni haya. Kuna watu wanastahili kuitwa nje. Aliyeiba, aliyedhulumu, aliyemgusa mtoto wa mtu, huyo apelekwe kortini na tusimnyamazie. Lakini wengi tunaowatenga mtandaoni si hao. Ni wasichana wa miaka 19 waliosema kitu kijinga, na hatuwapi siku 10 za kujipanga wala tarehe ya kurudi. Miaka mitano baadaye mtu anachimbua picha ya skrini na kesi inaanza upya, mamake akitukanwa pamoja naye. Athens ilikuwa na hasira kama sisi, ila ilihesabu kura na ikaweka kikomo.

Kwa hivyo kabla hujatupa kigae chako wiki hii, jiulize vitu viwili. Huyu mtu unamjua amefanya nini, ama umechoka tu kusikia jina lake? Na akishatoka, atarudi lini?