Sikio na Ulimi katika Shule za Msingi za Kericho na Bomet

Tangu miaka ya 1920 mashamba ya chai ya Kericho yaliwakusanya Wakipsigis, Waluo, Wakisii na Waluhya, na Kiswahili kikawaunganisha kazini. Hivyo mtoto wa kambini alikisikia kabla ya kukisoma. Sivyo kwa mwenziwe wa vijijini Bomet: Kikipsigis hakitenganishi maana kwa p na b, wala kwa t na d, basi papa na baba huweza kumfikia sikioni kama neno moja. Kasoro hiyo haiondolewi kwa kunakili ubaoni. Hata hivyo mtihani wa KCPE (1985–2023) ulipima Kiswahili kwa maandishi tu. Mwalimu naye, na nani atamlaumu, alifundisha kilichotahiniwa. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini mwaka 2019, umetanguliza kusikiliza na kuzungumza. Lakini wengi wa waufundishao walilelewa na mtihani ule ule.